Chagua Ukumbi kwa Hadhira Yake: Mwongozo wa Kutembelea Majukwaa ya Historia ya Mahali

Anayetaka kwenda kutazama historia ya mahali ikiigizwa huanza na maswali mawili: ukumbi uko wapi, na kiingilio ni kiasi gani. Ni maswali ya lazima, lakini hayatoshi. Yanaweza kukupeleka kwenye jengo zuri lenye taa za kisasa, ukatoka ulivyoingia. Swali la tatu ndilo linaloamua: viti vile huwa vinakaliwa na akina nani? Jukwaa la historia ya mahali hupimwa kwa hadhira yake kuliko kwa kitu kingine chochote. Wenye kisa wakiwepo, wakaitikia, wakaguna, wakamsahihisha msimulizi, historia inabaki kuwa jambo linalojadiliwa na watu wazima. Wasipokuwepo, kisa hufupishwa mwaka hadi mwaka hadi kibaki kile tu ambacho mpita njia anaweza kukielewa kwa nusu saa. Mashauri mengine yote ya mwongozo huu, kuanzia tarehe ya safari hadi adabu za kupiga picha, yanatokana na jambo hilo moja.

Ushahidi wa kwanza uko Kamirithu, Limuru, nchini Kenya. Mwaka 1977 wanakijiji, wakiwemo vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu kilichokuwa jirani, walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi la watu wapatao 2,000, wakaigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Mazoezi yalifanywa hadharani, na kila aliyepita aliruhusiwa kusimama na kusema lake. Mhusika mzee akizungumza kama kijana, wazee walimkatiza na kumfundisha mwigizaji mzee husemaje. Wenye kufanya kazi kiwandani walieleza wenyewe jinsi jasho lao linavyogeuka kuwa faida ya mwingine. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba, na kufikia katikati ya Novemba leseni ilikuwa imeshafutwa. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ aliwekwa kizuizini, na mwaka 1982 polisi wakabomoa jukwaa lenyewe. Mbao na nguzo hazikuwa tishio kwa mtu. Kilichotisha ni umati uliokuwa ukiyatazama maisha yake na kuyatolea hukumu. Mwaka 2022 mchezo uleule uliigizwa katika Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho jijini Nairobi, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, nao ulistahili kutazamwa. Lakini mtazamaji wa Nairobi alipokea maneno yaliyokwisha kuchujwa na watu wa Limuru, na kazi ile ya kuchuja haikuwa yake.

Ushahidi wa pili ni Bujora, katika eneo la Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza kwenye barabara ya Musoma. Hapo ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoasisiwa miaka ya 1950 na Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Juni, hufanyika sherehe ya Bulabo, iliyozaliwa kutokana na sikukuu ya Ekaristi ikakutana na mashindano ya ngoma yaliyokuwepo Usukumani kabla ya kanisa. Vyama viwili vya jadi, Wagika na Wagalu, hukutana uwanjani na kucheza kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake na manju wake. Kwa desturi, aliyevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Ndiyo maana wachezaji wa bugobogobo hurusha majembe hewani na kuyadaka bila kupoteza mdundo, na Wagoyangi, wenye ujuzi wa nyoka na dawa za sumu yake, huingia uwanjani na chatu begani. Mtazamaji anayeliacha kundi moja na kuvuka kwenda kwa jingine amekwisha kupiga kura. Katika mfumo kama huo hakuna anayeweza kudanganya kwa muda mrefu, kwa sababu waamuzi wamekulia ndani ya ngoma hiyo.

Kuchagua mahali

Basi kabla ya kukata tiketi, piga simu au mtume mwenyeji akuulizie mambo manne. Uliza onyesho ni la lugha gani, kwa kuwa lugha hutangulia kukuonyesha limetayarishiwa nani. Uliza linaanza saa ngapi na linachukua muda gani: onyesho la saa tano asubuhi siku ya kazi haliwezi kuwa limewalenga wakulima, mama lishe wala walimu wa mahali hapo. Uliza kama wenyeji wana kiingilio chao, na kama kinalingana na mifuko yao. Mwisho, uliza waigizaji na wasimulizi wanatoka wapi, na nani aliwapa kisa. Ukumbi unaojibu maswali hayo bila kusitasita unajua unamfanyia nani kazi. Usimnyime nafasi anayebabaika, lakini usisafiri siku nzima kwa ajili yake.

Ukiwa na kipimo hicho, utaona kwamba majukwaa ya ukanda wetu si ya aina moja. Yapo ya vyuo na taasisi, na mfano mkubwa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981 na kufanywa wakala wa serikali mwaka 2007. Tamasha lake la kila mwaka huleta vikundi kutoka mikoa mingi na hata nje ya nchi, na watu wa mji hujaa. Faida ya kwenda wakati huo ni kwamba unamwona mwanafunzi anayejifunza ngoma ya watu wengine pamoja na wenye ngoma yenyewe, ukapata kulinganisha. Yapo pia ya makumbusho: Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, huwa na ngoma za kawaida kwa wageni, lakini pia huandaa siku za utamaduni ambapo watu wa jamii fulani hujipanga wenyewe, wakaleta chakula chao, ngoma zao na wazee wao. Kiwanja ni kilekile na nyumba za asili ni zilezile, ila siku hizo mbili hazifanani hata kidogo. Chagua ya pili.

Aina ya tatu ni sherehe ambazo hazina ukumbi kabisa. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, kila Julai, una kila kitu ambacho mwalimu wa sanaa za maonyesho angekidai: wanaume wanapigana kwa migomba, kibanda kinatiwa moto, na wanawake wanapita wakiimba bila kumwogopa mtu. Hakuna pazia wala safu ya viti, na sehemu kubwa ya hadhira ni ukoo na majirani. Malindi nako, mwezi Agosti, Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda humkumbuka Mekatilili wa Menza, aliyewahamasisha watu wake mwaka 1913 wakatae kazi ya kulazimishwa na kodi za Waingereza. Kwa mgeni, sherehe hizi zinahitaji subira zaidi kuliko kumbi, kwa kuwa saa inayotangazwa na saa inayoanza huwa hazijuani. Panga kulala huko, na ulipie malazi mapema kwa kuwa nyumba za wageni hujaa.

Aina ya nne ni kumbi za mjini, ambako vijana wameanza upya kazi ya kusimulia. Nairobi, tangu mwaka 2017, maonyesho ya Too Early for Birds yamekuwa yakichukua watu na matukio ya historia ya Kenya na kuyasimulia jukwaani kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili na Sheng. Toleo la Brazen la mwaka 2018 lilihusu wanawake, na la mwaka 2019 lilimhusu Tom Mboya. Hapa wenye kisa si kijiji kimoja bali kizazi kizima, chenye lugha yake na vichekesho vyake. Tiketi za maonyesho ya namna hii hununuliwa kabla, na siku zake ni chache, kwa hiyo fuatilia matangazo badala ya kutegemea kwenda tu mlangoni.

Kujiandaa

Hadhira nzuri ni ile inayojua kitu kabla ya taa kuzimwa, na wewe unakuwa sehemu ya hadhira hiyo siku unapofika. Huhitaji kusoma rafu nzima. Tafuta mambo matatu: tukio lilitokea mwaka gani, waliohusika walikuwa akina nani, na jambo lipi bado linabishaniwa. Chukua mfano wa Mekatilili. Tunajua alitumia kifudu, ngoma ya matanga, kukusanya watu. Tunajua alikamatwa mwaka 1913 akapelekwa Kisii, mbali na kwao, na akatoroka akarudi. Kinachosimuliwa pia ni kwamba alimwendea ofisa wa Kiingereza na kuku mwenye vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja aone mama yake atafanya nini. Jukwaani kisa cha kuku hakikosekani, kwa sababu kinaigizika vizuri mno. Mtazamaji aliyejiandaa anaweza kukifurahia na wakati huohuo akajiuliza: hiki kimetoka kwenye kumbukumbu za wazee, au kwenye faili za serikali ya kikoloni? Na kama kipo upande mmoja tu, upande huo ulikuwa na sababu gani ya kukitunza?

Mfano wa pili ni Vita vya Maji Maji. Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, iliigizwa na kuchapishwa mwaka 1969, na imeendelea kuigizwa na kusomwa mashuleni hadi vizazi hivi. Isome kabla ya kwenda kuitazama. Ni kitabu chembamba, jioni moja inatosha. Kisha panga safari yako ikutane na tarehe 27 Februari, Songea, ambako kila mwaka wanakumbukwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906, na ambako kuna Makumbusho ya Maji Maji. Ukishaona vyote viwili utagundua kwamba tamthilia inatazama vita kutoka upande wa Rufiji na Umatumbi, yalikoanzia maji, na kumbukumbu za Songea zinaibeba huzuni ya Wangoni. Ni vita moja, ila kila upande una wafu wake wa kuwataja.

Ukiwa ndani

Keti katikati ya wenyeji, usiende kwenye safu ya wageni hata ukiombwa kwa heshima. Hapo utasikia minong'ono, na minong'ono ndiyo maelezo bora ya mchezo. Mahali watu wanapocheka nawe hujaona cha kuchekesha, pana jambo la historia lililokupita; liweke akilini uulize baadaye. Msimulizi akianza kwa kuita, itikia kwa sauti, kwa kuwa paukwa isiyopata pakawa humvunja moyo fanani. Katika ngoma na nyimbo za sifa, watu wakianza kuinuka kwenda kumtunza mwimbaji, nawe nenda na noti yako ndogo. Mpe mkononi au iweke pale wanapoweka wengine, kisha urudi kukaa bila kulifanya jambo hilo kuwa onyesho lako. Simu iweke kimya. Picha uliza kwanza, na katika mambo ya matambiko jibu la hapana usilijadili. Ukiwa na watoto, chagua onyesho la mchana, wakae karibu na njia, na uwaambie kisa kabla ya kuingia. Mtoto anayejua shujaa ni nani hukaa kimya zaidi kuliko anayesubiri kumjua.

Usijali sana kama lugha ya onyesho si yako. Kisukuma, Kigiriama au Kikuyu cha jukwaani hakitakuzuia kuona nani anamwinamia nani, nani anakatizwa, na nani anaimbiwa na wote. Mwombe mwenyeji mmoja akudokezee mambo makuu wakati wa mapumziko, asikutafsirie kila sentensi. Heri kukosa nusu ya maneno kati ya wanaoyaelewa yote kuliko kuelewa kila neno la onyesho lililopunguzwa ili lisimshinde mtu.

Wanaopinga wana lao la kusema

Pingamizi la kwanza ni kwamba majukwaa mengi ya aina hii yaliundwa kwa ajili ya watalii tangu mwanzo, kwa hiyo kutafuta ukweli humo ni kujichosha. Bomas of Kenya hutajwa sana: ilianzishwa mwaka 1971 chini ya shirika la kuendeleza utalii, na wachezaji walewale huigiza ngoma za makabila mengi kwa alasiri moja. Shutuma hiyo ina ukweli. Mtu mmoja hawezi kucheza kama Mkamba saa nane na kama Mmijikenda saa tisa bila kupoteza kitu. Lakini angalia yaliyotokea baadaye. Kwa miaka mingi shule zilipeleka wanafunzi wao pale, familia zikaenda wikendi, na mwaka 2003 na 2004 ukumbi huohuo ukawa mahali Wakenya walipojadili katiba yao, hata rasimu ikaitwa kwa jina la mahali hapo. Jukwaa lililojengwa kwa mgeni lilitwaliwa na mwenyeji. Hilo linaitia nguvu hoja yetu: nia ya mjenzi si hatima ya ukumbi, hadhira inaweza kuigeuza. Kwa sasa eneo hilo linajengwa upya kwa mradi mkubwa ulioanza mwaka 2025, hivyo ulizia kwanza maonyesho yanafanyika wapi kabla ya kupanda matatu ya Lang'ata.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: jukwaa hupotosha. Huongeza maneno ambayo hakuna aliyeyasikia, huunganisha watu watatu wakawa mmoja, hufanya shujaa awe shujaa kuliko alivyokuwa. Ni kweli, na waandishi wakweli hawakufichi. Hussein mwenyewe aliwatahadharisha wasomaji kwamba Kinjeketile wa tamthilia si yule wa historia, ni kiumbe cha ubunifu. Mwishoni mwa mchezo Wajerumani wanamtesa ili atamke kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa hofu kwamba watoto watafundishwa kuwa baba zao walikosea kupigana. Hakuna faili ya mwaka 1905 inayotuhakikishia mazungumzo hayo. Hata hivyo tukio hilo linamlazimisha mtazamaji kujibu swali ambalo faili haiulizi: je, kauli isiyo kweli iliyowaunganisha watu dhidi ya dhuluma ni ya kuungama au ya kunyamaziwa? Kosa si jukwaa kubuni. Kosa ni mtazamaji kutojua kwamba limebuni. Dawa yake ni kujiandaa kabla na kuuliza baada, pamoja na kuketi na watu ambao babu zao wanatajwa jukwaani. Hao watakuambia, hata bila kuombwa, pale mwandishi alipozidisha.

Wapo pia wanaosema kwamba ukumbi wenye tiketi na viti vya safu ni kitu cha mkoloni, na kwamba historia yetu ilisimuliwa kwenye moto na uwanjani. Historia ya Ukumbi wa Taifa wa Nairobi inawapa nguvu. Ulifunguliwa Novemba 1952, majuma machache tu baada ya kutangazwa kwa hali ya hatari, na hata miaka kumi na zaidi baada ya uhuru, mwaka 1976, The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo ilipewa siku chache tu kwa kuwa vikundi vya kigeni vilikuwa vimeshika ratiba. Lakini katika siku hizo chache watu walifurika, na onyesho lilipokwisha walitoka wakicheza na kuimba pamoja na waigizaji. Jengo la mkoloni liliwatoshea Wakenya mara walipoingia kwa wingi. Asiyependa viti vya safu ana Bulabo na Makunduchi. Asiyeweza kufika huko asijinyime cha mjini kwa sababu ya asili ya matofali yake.

Baada ya onyesho

Usikimbilie daladala. Subiri nje robo saa, maana hapo ndipo hukumu hutolewa. Mpongeze msimulizi, kisha umuulize swali moja la kweli: kisa hiki ulikipata kwa nani, na yupi hakubaliani nacho? Kama kuna kitabu, kanda au kinyago kinachouzwa na kikundi chenyewe, nunua hicho kuliko cha duka la barabarani. Kesho yake tembelea mahali palipotajwa. Baada ya maonyesho ya Bagamoyo yanayogusa misafara ya watumwa na pembe za ndovu, magofu ya Kaole na majengo ya misheni yaliyoanzishwa mwaka 1868 yako karibu, na utayatazama kwa jicho jingine kwa sababu yamekwisha kupewa watu.

Mwisho kuna suala la fedha, nalo linaturudisha kwenye swali la viti. Ukumbi hufuata mlipaji. Kama wanaolipa ni wapita njia peke yao, ratiba itapangwa kwa ajili yao: ngoma nane kwa saa moja, kila moja na maelezo ya sentensi mbili, na kisa kirefu kitaondolewa kwa kuwa hakilipi. Anayelalamika kwamba sanaa zetu zimegeuzwa bidhaa za watalii wakati yeye mwenyewe hajawahi kulipa kiingilio amechangia mageuzi hayo. Kwa hiyo anza na jukwaa lililo karibu na kwenu, hata kama ni ukumbi wa shule au uwanja wa kata. Nenda mara ya kwanza peke yako. Mara ya pili mlipie kiingilio mzee mmoja anayekijua kisa hicho, na mkitoka mwombe akueleze walipokosea.